Fundi akipewa mafundi wa kuongoza

Siku ile juu ya meza ya atelye yetu kulikuwa simu 43. Tulizihesabu sisi wenyewe, kwa sababu mama mweka sanduku alikuwa amechoka kujibu watu mlangoni. Kila simu ilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa kamba: jina la mwenye simu, ugonjwa wake, na siku ilipoletwa. Nyingine zilikuwa zimelala pale majuma sita. Nje, mama mmoja aliyetoka Nyabiondo kwa miguu alikuwa anasema kwa sauti kwamba afadhali angepeleka simu yake kwa kijana wa kando ya soko, maana yule anakuibia, lakini anakuibia haraka.

Mama na dada wapenzi, wengi wenu munaijua atelye hiyo. Chama kilifungua chumba kile mwaka 2022 kwa feza za MUSO, kusudi mabinti waliomaliza shule ya ufundi wasikae nyumbani wakingoja bwana wa kuwaoa ao njia ya kwenda Goma. Humo tunatengeneza simu, redio na taa za jua. Mwanzoni fundi alikuwa mmoja tu, dada yetu wa miaka 26 aliyesomea elektroniki. Jina lake hatulitaji, ametuomba hivyo. Lakini mambo yaliyompata ametuachia tuyaandike, hata yale ya aibu, na sisi tutaandika pia ya kwetu.

Peke yake alikuwa anamaliza simu 8 kwa siku. Kazi ilipozidi, komite ikaona vema kumwongezea watu: mabinti wanne, na mama mmoja wa miaka 41 ambaye mikono yake haitetemeki. Tukamwita dada yetu shefu wa atelye. Tukapiga makofi, tukala mikate na Fanta. Miezi mitatu ikapita. Watu sita kwa pamoja walikuwa wanamaliza simu 7.

Someni tena hesabu hiyo. Mtu mmoja, 8. Watu sita, 7. Hatukuandika vibaya.

Tulienda kukaa pale siku nzima kuangalia. Binti anafungua simu, anapima, anakwama. Anainuka, anaipeleka kwa shefu. Shefu anatazama kidogo, anasema "lete", anamnyang'anya feri ya kusude mkononi na kumaliza mwenyewe kwa dakika tano. Mkono wake ni mwepesi kama wa mama anayesuka. Binti anasimama nyuma yake akitazama shingo ya shefu, maana kutoka pale hawezi kuona kitu kingine. Nyuma ya binti huyo kuna mwingine na simu yake, na nyuma ya huyo kuna mwingine. Saa nne ya asubuhi mikono mitano imekaa bure na mkono mmoja unaungua. Magaribi mabinti wanarudi nyumbani, shefu anabaki na tochi mdomoni. Bwana wake alikuwa ameanza kuuliza kama atelye ina kitanda.

Katika mkutano wa mwisho wa mwezi akasimama, akasema: "Mama prezidenti, munirudishie kazi yangu ya zamani. Ukubwa huu siuwezi."

Mkutano ukagawanyika. Wamoja walisema tumtafute mwanaume wa Goma aje kuongoza, maana hata kwenye makampuni makubwa wakubwa wa ufundi ni wanaume. Wengine walisema binti ana kiburi, hataki kufundisha wenzake. Sisi hatukuwa na jibu, lakini tulikuwa na kumbukumbu iliyotuwasha, na kwa ajili yake tuliomba wampe miezi miwili.

Kumbukumbu yenyewe ni hii. Tulipotoka ISP na diploma mkononi tulifundisha miaka sita, na tunafikiri tulifundisha vizuri. Kisha shule moja ikatufanya direktrisi. Katika juma la kwanza tuliingia darasani mwa mwalimu kijana aliyekuwa anahangaika na sehemu, nusu na robo. Watoto walikuwa wamepotea. Tukamchukulia chaki mkononi, tukalimaliza somo sisi wenyewe, watoto wakaelewa, tukatoka tukijisikia tumefanya kazi. Tangu siku ile watoto wake walikuwa wanamtazama yeye kisha wanatazama mlango, kama wanamngoja mwalimu wa kweli aingie. Mwisho wa mwaka aliomba kuhamishwa. Tulikuja kuelewa baadaye sana kwamba siku ile tulifanya kazi yetu ya zamani kwa gharama ya mtu mwingine.

Tulipofika Goma kwa mambo ya mitihani, tulikaa masaa mawili katika nyumba moja ya intaneti kusoma juu ya wale wanaoongoza mafundi wa ordinateri na programu. Tulitaka kujua kama ugonjwa wetu unajulikana. Kumbe unajulikana sana. Fundi hodari anapewa watu, na siku hiyohiyo mahali pale panapoteza fundi na hapapati kiongozi. Ndiyo sababu makampuni mengi ya programu yameweka njia mbili za kupanda cheo. Katika moja, fundi anapanda akibaki fundi, akipewa kazi ngumu zaidi na mshahara mkubwa zaidi. Katika nyingine anaongoza watu. Anayetoka njia ya kwanza kuingia ya pili hawahesabu kwamba amepanda ngazi. Anaanza kazi mpya kutoka darasa la kwanza, kama vile mpishi wa sombe akipewa kuongoza harusi nzima: wali unaungua jikoni na yeye haruhusiwi kushika mwiko.

Katika kusoma huko tulikutana na wanawake watatu, na habari zao tulizileta katika mkutano wa komite.

Wa kwanza alizaliwa Ujerumani mwaka 1933. Mwaka 1939, akiwa na miaka mitano, wazazi wake walimpandisha treni pamoja na dada yake wa miaka tisa na wakaachana naye kwenye stesheni, kusudi asiuawe kwa kuwa ni wa jamaa ya Wayahudi. Alifika Uingereza mkimbizi, akalelewa na watu asiowajua. Tuliposoma sehemu hiyo mama zetu waliotoka kambini walinyamaza. Jina lake ni Stephanie Shirley. Alikua, akajifunza kuandika programu za ordinateri wakati ordinateri zilikuwa mashini kubwa kama chumba. Mahali pa kazi aliona wanawake wanafukuzwa kwa kimya: ukiolewa, ukizaa, kazi imeisha. Mwaka 1962, akiwa na paundi 6 tu, alianzisha kampuni yake juu ya meza ya chakula nyumbani, akaajiri hasa wanawake wenye watoto wafanye kazi kila mmoja nyumbani kwake. Aliandika barua kwa wateja akiweka saini Stephanie, hakuna aliyejibu. Mume wake akamshauri aweke Steve, jina la mwanaume. Majibu yakaanza kuja. Alipokuwa anazungumza na mteja kwa simu alicheza kaseti yenye sauti ya mashini za kuandikia, kusudi mteja asisikie watoto wakilia.

Mama zetu walicheka sana kwa kaseti ile, lakini kilichotufaa zaidi ni ulizo lingine: mtu anaongozaje mafundi asiowaona? Huwezi kusimama nyuma ya mwanamke aliye jikoni kwake, kilometa mia moja kutoka kwako, ukamnyang'anya kalamu. Shirley ilimbidi aweke kanuni za kazi zilizoandikwa: kazi imalizwe namna gani, ikaguliwe na nani, ihesabiwe kwa nini. Hakuhesabu masaa waliyokaa, alihesabu kazi iliyokamilika. Kwa namna hiyo wanawake 30 waliokuwa kila mmoja kwake waliandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege Concorde, kile kinachoweka kumbukumbu za safari. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Na aliwagawia wafanyakazi sehemu ya mali ya kampuni, mpaka 70 kati yao wakawa mamilionea. Habari ya kugawa ishikeni, tutairudia.

Wa pili ni Margaret Hamilton wa Marekani. Aliongoza mafundi walioandika programu za ordinateri ya vyombo vya Apollo, vile vilivyopeleka watu mwezini. Alikuwa na binti mdogo, Lauren, ambaye alimleta kazini usiku na siku za mwisho wa juma. Siku moja mtoto akawa anachezea vifungo vya mashini ya mazoezi, akabonyeza hapa na pale, mashini ikaanguka. Alikuwa ameita programu ya kabla ya kuruka wakati chombo, kwa hesabu ya mashini, kilikuwa tayari njiani. Wengi wetu tungemchapa mtoto na kumfukuza. Hamilton alijiuliza: mwanaanga naye akikosea hivi? Akaomba aongeze ulinzi ndani ya programu. Wakubwa wakamjibu kwamba wanaanga wamefundishwa vizuri, hawawezi kukosea namna hiyo. Hakunyamaza, aliandika onyo katika maandishi ya kazi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1968, katika safari ya Apollo 8, mwanaanga Jim Lovell alikosea vilevile alivyokosea mtoto. Hesabu za safari zikafutika, ikabidi watu wa chini wazitume upya. Baada ya hapo aliruhusiwa kuweka ulinzi wake.

Tuliipenda habari hii kwa sababu moja ndogo. Aliyegundua kosa alikuwa mdogo kuliko wote mle ndani, na kiongozi alikuwa na sikio.

Wa tatu ni wa kwetu. Thérèse Izay Kirongozi ni mhandisi Mukongomani, na ndiye mwenye roboti za barabarani za Kinshasa, zile zilizosimamishwa njia panda kuongoza magari. Za kwanza zilisimamishwa mwaka 2013. Zilikuwa za aluminiamu, zenye urefu wa karibu mita mbili na nusu, zilitumia nguvu za jua, zilikuwa na kamera, na ziliwaambia watu wa miguu wakati wa kuvuka. Yeye alikusanya wanawake wahandisi katika chama chao, Wotech, wakatengeneza kitu ambacho dereva wa teksi wa Kinshasa alikiheshimu. Na jina lake! Sisi Waswahili tukisikia Kirongozi hatuhitaji mtu wa kututafsiria. Mabinti wa atelye walikata picha ya roboti moja wakaibandika ukutani. Bado ipo, ingawa panya wamekula mguu mmoja.

Sasa turudi kwenye meza yetu.

Jambo la kwanza tulilolitambua halikuwa kosa la shefu, lilikuwa letu. Tulikuwa tunamlipa kwa kila simu aliyoitengeneza kwa mikono yake. Kwa hiyo kila dakika aliyokaa kumwonyesha binti namna ya kupima, alikuwa anapoteza feza ya unga. Tulimwita kiongozi na tukamlipa kama kibarua, halafu tukashangaa kwamba hafundishi. Hapo ndipo tulipomkumbuka Shirley. Komite ilibishana mpaka usiku, lakini tulibadilisha: tangu mwezi ule, shefu anapata sehemu yake katika simu zote zinazotoka atelye zikiwa nzima na zisizorudi katika muda wa juma mbili. Simu ikirudi, sisi wote tunapungukiwa, yeye pia. Fundi anayebaki fundi naye tulimwekea njia yake ya kupanda, kusudi mtu asitamani ukubwa kwa sababu ya sahani tu.

Jambo la pili alilileta yeye mwenyewe. Kila asubuhi mpaka saa sita, feri yake ilikaa ndani ya sanduku na ufunguo ulikuwa kwa mama mweka sanduku. Binti akija na simu, shefu aliruhusiwa kuuliza tu: "Umepima wapi? Umeona nini? Unafikiri ni nini?" Munafikiri ni jambo rahisi. Tulimwona akikalia mikono yake, kweli kabisa, viganja chini ya mapaja, akimtazama binti anayetafuta kwa robo saa kitu ambacho yeye alikwisha kukiona.

Juma la kwanza walimaliza simu 5 kwa siku. Juma la pili binti mmoja aliunguza sahani ya ndani ya simu ya katekista, nayo haikupona. Chama kililipa. Siku ile tuliitwa majina. Mama mmoja wa komite alituuliza kama tunataka kufilisi MUSO kwa kujaribu mambo ya wazungu wa mwezini. Shefu hakumgombeza binti mbele ya watu. Alimpa daftari akamwambia aandike alivyofanya, hatua kwa hatua, mpaka mahali moto ulipozidi. Ukurasa ule ndio wa kwanza wa daftari kubwa ambalo mutasikia habari zake chini.

Daftari lilikuwa na mistari minne kwa kila simu: ilileta shida gani, tulipima wapi, ilikuwa nini, tulifanya nini. Mabinti waliandika kwa Kifaransa cha shule kilichochanganyika na Kiswahili. Mama wa miaka 41 hakumaliza shule ya msingi, kuandika kunamchosha, kwa hiyo yeye alichora. Alichora sahani ya simu kama mtu anayechora shamba: hapa kisima, hapa njia ya umeme, hapa imekatika. Mwisho wa mwezi kila mtu alikuwa anatafuta kurasa zake kwanza.

Huyo mama ndiye aliyekuwa mlima wa shefu. Binti wa miaka 26 anamsahihishaje mtu anayemwita mama? Kwetu hatufanyi hivyo. Mwanzoni alimsahihisha mbele ya mabinti, kwa sauti ya kawaida, akifikiri kazi ni kazi. Mama akanyamaza siku tatu, akifanya kilichoamriwa tu na si zaidi. Shefu hakujua kwa nini mpaka alipoanza yale mazungumzo ya siku ya tano.

Mazungumzo hayo tuliyakataa kwanza, tukubali. Alitaka kila siku ya tano akae na kila mtu peke yake chini ya mti wa avoka, robo saa, bila simu ya kutengeneza. Watu watano, ni zaidi ya saa nzima bila kazi! Tulisema ni kupoteza wakati. Yeye akasema mwalimu anayejua watoto wake kwa matokeo ya mtihani tu hawajui, na maneno hayo alikuwa amesikia kwetu sisi, kwa hiyo tulinyamaza.

Chini ya avoka alijua kwamba binti anayechelewa kila siku si mvivu, anapanga mstari wa maji tangu saa kumi na moja. Alihamishiwa zamu ya mchana. Alijua kwamba binti mwingine anaficha simu ngumu chini ya meza kwa sababu anaogopa kuhesabiwa aliyeshindwa. Na mama, baada ya kusema kwamba hali ni nzuri, kwamba watoto ni wazima, kwamba mvua imechelewa, akasema mwishoni, akitazama mahali pengine: "Binti yangu, mimi unisahihishe. Lakini si mbele ya wale." Tangu hapo shefu anamwendea kando na kumwambia, "Mama, nisaidie kuelewa ulivyofanya hapa," na mama anaanza kueleza, na mara nyingi kosa analiona mwenyewe katikati ya kueleza.

Tukiwa kwenye mambo ya kufundisha, kuna siku moja tuliyoipenda sana. Shefu alikuwa anaonyesha namna ya kuyeyusha bati bila kuliunguza. Binti mmoja akauliza bati linatoka wapi. Shefu akacheka. "Wewe umezaliwa Walikale unaniuliza mimi?" Kisha akawaeleza: kasiterite inayochimbwa Bisie ndiyo inayotoa bati, na ndani ya kila simu bati ndilo linaloshikanisha vipande. Na koltani ya Rubaya, hapa Masisi, inatoa tantalamu ya kutengeneza vile vipande vidogo vinavyotunza umeme. Sehemu ya tantalamu ya dunia inatoka kwenye vilima vile. Inapanda mgongoni mwa watu wetu na inarudi kwetu kama simu iliyovunjika kioo. Binti akaitazama feri yake kwa muda. Somo la siku ile halikuwa katika programu ya masomo, lakini tangu hapo wanaokota hata matone ya bati mezani.

Mwisho wa mwezi wa pili walikuwa wanamaliza simu 19 kwa siku. Shefu aligusa mbili.

Na hapo akaja nyumbani kwetu magaribi, akiwa na huzuni. Tulifikiri kuna msiba. Akasema: "Mwalimu, nikirudi nyumbani bwana ananiuliza nimetengeneza ngapi leo. Namwambia hakuna. Nakaa siku nzima nikiuliza watu maulizo. Nimefanya nini mimi?" Tukampa chai. Jibu la haraka hatukuwa nalo, kwa sababu ni ulizo ambalo sisi walimu tunalala nalo kila siku. Seremala magaribi anaonyesha kiti. Sisi tunaonyesha nini? Tulimwambia tu aandike kila jioni jambo moja ambalo mtu wa atelye amelifanya leo na jana hakuliweza. Alifanya hivyo, katika daftari dogo lake mwenyewe. Hajatuonyesha lote.

Mwanzo wa mwaka 2025 mapigano yakafika senta ya Masisi. Hatutasimulia yale ambayo kila nyumba inayajua. Atelye ilifungwa kwa nusu saa. Shefu alishuka na watoto wake upande wa Sake. Mabinti wawili walifuata jamaa zao, hatukujua wapi. Mama wa miaka 41 na mabinti wengine wawili walishika njia ya Nyabiondo kuelekea Walikale. Mama alibeba mtoto mgongoni, na tumboni, ndani ya kitenge, alifunga daftari kubwa, testeri na feri mbili.

Kule walikofika watu walikuwa wametawanyika. Mama hajui mtoto wake amelala wapi, bwana hajui kama bibi yupo hai. Simu ilikuwa njia ya kutafutana, na simu zilikuwa zimelowa mvua, zimeangukia mawe, chaja zimebaki nyumbani. Wale watatu waliomba pano moja ya jua, wakaweka ubao juu ya majiwe mawili kando ya barabara, wakaanza. Hawakuwa na shefu. Walikuwa na kurasa 160, na katika kurasa hizo simu iliyoingia maji imeelezwa mara 11. Mama alikuwa anafungua picha zake. Waliokuwa na feza walilipa, waliokosa hawakulipa. Tuliuliza ni simu ngapi walitengeneza, wakasema hawakuhesabu, ilikuwa si wakati wa kuhesabu. Mmoja wa mabinti wale wawili waliopotea alipatikana kwa simu aliyotengenezwa mama yake pale ubaoni.

Reseau ilipopatikana walimpigia shefu. Kwanza kila siku: shimo la chaja la aina hii, kioo cha aina ile, tufanyeje? Yeye aliuliza maulizo yake yaleyale, umepima wapi, umeona nini. Kisha wakapiga mara mbili kwa juma. Kisha akasema simu iliita usiku mmoja, akaikamata haraka, akauliza, "Imekwama wapi?" Mama akajibu: "Hakuna iliyokwama, binti yangu. Tunakusalimia tu."

Alituambia kwamba alifurahi, halafu akalia kidogo, na hajui kulia kule kulikuwa kwa nini. Hatukumweleza.

Leo chama kina meza mbili, moja ya senta na nyingine upande wa Walikale. Mama ndiye shefu wa meza ya Walikale. Juma lililopita tulipata habari kwamba kuna simu nyingi zimelala pale kwake, na kwamba anawanyang'anya mabinti wapya feri mikononi kwa kuwa wao ni wazito. Dada yetu anapanda kwenda kumwona siku ya tatu, barabara ikiruhusu. Alipotuaga tulimuuliza atamwambia nini. Akasema hatamwambia kitu, anapeleka kufuli ya sanduku.

Meza ya senta ina nafasi mbili kwa mabinti waliomaliza shule ya ufundi ao wenye mikono isiyotetemeka. Mama anayetaka kumleta binti wake aje siku ya posho kabla ya mkutano wa MUSO. Tunaomba tena simu zenu zilizokufa kabisa, hata zisizo na kioo, hata zilizokanyagwa na pikipiki. Musizitupe. Ndizo za kujifunzia, na kwa hizo hakuna katekista wa kulipwa.